Adui mwombee njaa, lakini si ndani ya tangi la matumbawe

Picha ninayotumiwa na wafugaji wenzangu wa matumbawe huwa ya bluu. Mtu amelipiga tangi lake usiku, taa zikiwa kwenye ile rangi ya bluu inayoyafanya matumbawe yang'ae kama vito, na pembeni kuna kitu cheusicheusi kimefunika mchanga. Chini yake ameandika: "Kaka, nitumie dawa gani?" Hajasema tangi lina umri gani wala vipimo vya maji vikoje. Kitu chenyewe kinaweza kuwa chochote kati ya viumbe vitano, na kwa mwanga ule hata ukiniambia ni masizi nitakubali.

Jibu langu ni lilelile: washa taa nyeupe, ingiza mkono, kiguse, kisha uniambie kama kinapeperuka, kinabanduka, kinakatika au kinang'ang'ania. Wengi hawarudi. Walitaka jina la chupa, na kuna mwingine ameshawapa.

Siwacheki. Hasara kubwa kuliko zote nilizopata kwenye tangi langu haikuletwa na mwani. Niliileta mwenyewe nikipambana na mwani.

Tangi hilo ni la lita 300 na wakati huo lilikuwa na miezi kama minane. Kwenye jiwe moja la upande wa kulia zilikuwa zimeota nywele za kijani, fupi, laini, zikipepea kila pampu inapogeuza mkondo. Leo nikiziona nazipita tu. Wakati ule zilininyima raha. Nikapima maji: nitrati miligramu 10 kwa lita, fosfati 0.12. Nilikuwa nimesoma kwamba mwani unaishi kwa hivyo viwili, basi nikafikia uamuzi ambao Mswahili yeyote angeufikia: adui mwombee njaa. Nikaweka zile chembe za oksidi ya chuma zinazonasa fosfati, mara mbili ya kiasi kilichoandikwa kwenye kopo. Samaki nikawapunguzia chakula. Maji nikawa nabadilisha kila baada ya siku tatu. Wiki ya tatu vipimo vyote viwili vikasoma sifuri, na nilifurahi kama mtu aliyemaliza deni.

Nywele za kijani zilififia kweli. Siku chache baadaye mchanga ukaanza kuvaa vumbi la kahawia. Vumbi likawa kamasi, kamasi likatoa nyuzi, na kila uzi ulikuwa na kiputo cha hewa nchani kinachouvuta kuelekea juu. Asubuhi kabla taa hazijawaka mchanga ulikuwa mweupe; ikifika saa nane mchana umejifunika blanketi. Binti yangu ndiye aliyeona la pili. "Baba, mbona konokono wote wamelala chali?"

Hawakuwa wamelala.

Wale walikuwa dinoflajelati, viumbe wa seli moja wa kundi la mwani, na mimi ndiye niliyewafagilia uwanja. Tangu hapo sina imani na mtu anayejisifu kwamba fosfati yake ni sifuri.

Methali ile ina sharti ambalo halitajwi: adui awe anakula kwake. Ndani ya tangi, adui na watoto wako wanachota chungu kimoja. Tumbawe linalojenga mwamba limehifadhi ndani ya nyama yake mwani wa kuonekana kwa hadubini tu, zooksantele, na sehemu kubwa ya nguvu zake linaipata kwa sukari inayotengenezwa na wapangaji hao kwa mwanga. Wapangaji nao wanataka nitrojeni na fosforasi. Ukikausha maji, tumbawe hupauka, likaacha kukua, na ncha zake zikaanza kuungua chini ya taa zilezile lililozizoea. Na ukitaka kucheka kidogo: zooksantele wenyewe ni dinoflajelati. Kamasi lililoua konokono wangu na mwani unaolisha matumbawe yangu ni jamaa wa ukoo mmoja. Huwezi kumwombea njaa mmoja ukamsamehe mwingine.

Kibaya zaidi, njaa haiwapati wote sawasawa. Mwani wa kijani, diatomu (mwani wa kahawia wa seli moja) na bakteria wa kawaida waliokaa juu ya mawe hutegemea kile kilichomo majini, kwa hiyo ndio wanaotangulia kuanguka. Wanaobaki ni wenye njia za panya. Baadhi ya sianobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mimea, wanaweza kuchukua gesi ya nitrojeni iliyoyeyuka majini wakaigeuza chakula, kwa hiyo kuwafungia nitrati ni sawa na kumfungia bomba mwenye kisima. Dinoflajelati wengi nao wana midomo miwili, kwa kusema: wanapika kwa mwanga, na kukikosekana kitu wanakula bakteria. Wewe umeondoa majirani wote waliokuwa wameshika nafasi, kisha unashangaa nani kahamia.

Halafu hiyo sifuri yenyewe. Kipimo husoma kilichobaki majini baada ya kila mmoja kula. Tangi lililojaa nywele za kijani linaweza kusoma fosfati sifuri kwa sababu nywele zimeinyonya kabla hujachovya kichupa. Na mawe yenyewe ni kalsiamu kabonati, yanayoshika fosfati maji yakiwa nayo nyingi na kuiachia polepole maji yakipungukiwa. Ndiyo maana mtu hununua jiwe lililokaa miaka kwenye tangi chafu, akaliweka kwenye maji safi, na mwani ukaota juu ya jiwe hilo peke yake huku mengine yakibaki wazi. Kipimo kimoja cha siku moja hakikuelezi habari hiyo. Mimi siku hizi natulia nikiona nitrati kati ya 5 na 10 na fosfati kati ya 0.05 na 0.1, na ninachochunga zaidi ni kwamba namba hizo zisirukeruke. Wapo wanaofuga vizuri juu ya hapo.

Sasa, kutambua. Hapa mkono una maana kuliko jicho, kwa sababu rangi ya kahawia ina wenyewe wengi.

Vumbi la kahawia linalopeperuka ukipunga mkono, limetanda kwenye kioo na mchanga wa tangi lenye wiki chache: diatomu. Wanajenga maganda yao kwa silika, na silika ya mwanzoni ikiisha nao wanapungua. Acha. Isipokuwa tangi ni la zamani na wamerudi ghafla. Hapo kaangalie mtambo wako wa kusafisha maji, maana huenda utando wake umechoka na maji ya kujazia hayatoki tena safi kabisa, yaani kipimo cha vitu vilivyoyeyuka hakisomi tena sifuri. Hiyo ndiyo sifuri pekee ninayoitaka.

Zulia la rangi ya damu ya mzee, wakati mwingine kijani cha bluu au jeusi, ambalo ukilivuta kwa mpira linabanduka kipande kizima kama ngozi iliyoloa, na linanuka: sianobakteria. Hawa si mwani hata kidogo, ni bakteria, na heshima yao wanayo, kwa kuwa mababu zao ndio waliojaza hewa ya dunia oksijeni zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita. Hupenda pembe ambazo mkondo haufiki na mabaki ya chakula yametulia. Mara nyingi kuelekeza pampu upya na kuwanyonya kila wanaporudi kunatosha. Antibaotiki huwaua, sikatai, ila unaimwaga kwenye nyumba iliyojengwa na bakteria, na zulia zima likifa usiku mmoja oksijeni inashuka na samaki wanapanda juu kuhema.

Nywele za kijani za kawaida ukizivuta zinakatika kwa urahisi na zinakunjana mkononi kama pamba. Kuna nyingine zinazofanana nazo kwa mbali, lakini kila uzi ukiutazama dhidi ya mwanga una vijitawi pande mbili kama unyoya wa ndege. Hiyo ni Bryopsis, nayo haing'oki kirahisi. Ukivuta, jiwe linakuja na mwani. Tofauti ya hizo mbili ni tofauti ya miezi ya maisha yako, kwa sababu konokono anayesafisha ya kwanza kwa hamu ataizunguka ya pili kama hajaiona.

Kuna pia gololi za kijani zinazong'aa, Valonia. Ya aina ya ventricosa ni seli moja tu, gololi nzima, nayo ni kati ya seli kubwa kuliko zote zinazojulikana. Ukizipata, toa jiwe nje, zing'oe kwa ncha ya bisibisi kuanzia chini zilikoshika, suuza jiwe kwenye ndoo ya maji ya chumvi kabla ya kulirudisha. Wanabishana sana kama kuzipasua ndani ya tangi kunazisambaza. Mimi sipasui.

Tunabaki na kamasi la kahawia lenye viputo, na hapo usiamini macho yako wala ya mtu mwingine. Fanya hivi. Nyonya kiasi cha vijiko viwili vya kamasi kwa bomba la sindano, weka kwenye chupa ndogo ya kioo pamoja na maji ya tangi, funga, tikisa kwa nguvu mpaka lote livunjike na maji yawe kama chai. Yachuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa, chukua maji yaliyopita, yaweke kwenye glasi safi chini ya taa. Ondoka. Ukirudi baada ya saa moja na kukuta nyuzi zimejisuka upya, zikielea na viputo vyake kana kwamba hukuzivuruga, hao ni dinoflajelati. Diatomu zilizochujwa hazijifumi hivyo.

Mara ya kwanza nilipofanya jaribio hilo nilikaa nikiitazama ile glasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kulikuwa na jambo la kuudhi katika namna vile vitu vilivyokuwa vikikusanyana. Siku iliyofuata nikaazima hadubini ya mwanafunzi, ile ya kawaida inayokuza mara 400, nikaweka tone moja. Nilitegemea kuona takataka. Nikaona vidude vya umbo la tone la maji, rangi ya asali, kila kimoja kimejifunga kwa uzi wa ute kwenye ncha yake iliyochongoka na kinazunguka hapohapo, kama mbuzi aliyefungwa kambani. Hiyo ni dalili ya Ostreopsis, aina mojawapo ya dinoflajelati. Kama ningeona viduara bapa vinavyoteleza huku na huku bila kufungwa popote, ningesema Amphidinium, aina nyingine.

Unaweza kudhani hayo ni madoido ya kitaalamu. Sivyo, matibabu yanaanzia hapo. Ostreopsis usiku huachia mchanga na kuelea majini, ndiyo maana asubuhi tangi linaonekana limepona. Taa ya mionzi ya urujuanimno yenye ukubwa unaolingana na tangi, ikivuta maji moja kwa moja kutoka tangi kuu, huwakamata wakiwa safarini. Ukiongeza siku tatu za giza, wengi zaidi wanapanda majini na kupita mbele ya taa. Amphidinium wakubwa hawaondoki mchangani. Unaweza kununua taa hiyo, ukaiwasha mwezi mzima, ukalipia umeme, na wao wasijue kama ipo. Hao wafugaji wengi huwashinda kwa kuongeza silikati majini makusudi, ili diatomu warudi kugombea mchanga. Yaani unamrudisha yule mgeni wa vumbi uliyemfukuza mwanzoni, unamwomba akae.

Kwa aina zote mbili kuna jambo la lazima, nami liliniuma: kuongeza nitrati na fosfati kwa mkono wangu. Nilitoa chembe za chuma, nikaacha kubadilisha maji, nikawalisha samaki kama wageni wa harusi, na vipimo vilipokataa kupanda nikatia kwa matone. Makaa ya kuchujia maji nikayaweka ili yanase sumu, kwani Ostreopsis hutengeneza sumu za jamii ya palitoksini. Mwaka 2005 huko Genoa, Italia, Ostreopsis walipochanua baharini, watu wapatao 200 walihitaji matibabu baada ya kuvuta hewa ya ufukweni. Kwa hiyo vaa glavu. Na maadamu tumeitaja sumu hiyo: usichemshe jiwe la tangi ili kuua mwani. Kuna zoanthidi, jamaa laini wa matumbawe, zinazobeba palitoksini, na mvuke wake umeshapeleka watu hospitali.

Wiki sita zikapita. Siku nilipoona kijani juu ya jiwe la kulia nilimwita binti yangu aje aone. Alidhani nimechanganyikiwa.

Ukiniuliza basi mwani unadhibitiwa na nini kama si njaa, nitakujibu: midomo. Ushahidi mkubwa kuliko tangi lolote uko Karibi. Mwaka 1983 ugonjwa ulianza upande wa Panama na katika muda wa mwaka hivi uliua zaidi ya asilimia 90 ya Diadema, wale viumbe wa duara wenye miiba mirefu myeusi wanaotambaa juu ya miamba wakikwangua mwani. Jamaika, ambako samaki wala mwani walikuwa wamevuliwa wakapungua kwa miongo mingi, Diadema ndiye aliyekuwa mfagizi wa mwisho. Mtafiti wa miamba ya matumbawe Terence Hughes alichapisha hesabu zake mwaka 1994: matumbawe hai yaliyofunika zaidi ya nusu ya mwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 yalikuwa yameporomoka hadi kama asilimia 3, na mwani umepanda kutoka asilimia 4 hadi zaidi ya 90. Kimbunga Allen cha 1980 kilishavunja mengi, lakini kilichozuia yasirudi ni mwani usio na wa kuula. Wapo wanaosema virutubisho kutoka nchi kavu navyo vilichangia, na sina ugomvi nao. Ninachosema ni kwamba hakuna mtu aliyeweka mbolea ya ghafla katika bahari nzima mwaka ule. Walikufa wafagizi.

Tangi la wastani lina konokono sita na mwenye nalo anajiona ameajiri kikosi. Mimi katika lita 300 nina zaidi ya thelathini, wengi wao Trochus, kwa sababu moja ya kijinga kabisa: wakianguka wanajigeuza wenyewe. Astraea ni mfanyakazi mzuri, lakini akianguka chali hubaki hapo mpaka umwinue au afe. Turbo anakula kama trekta na anaangusha matumbawe yasiyogundishwa kama trekta vilevile. Nassarius wanauzwa kama wasafishaji wa mwani na hawali mwani, wanakula mizoga. Kwenye tangi kubwa kangaja na tafi hufanya kazi ambayo konokono mia hawaifanyi, ila kangaja anahitaji nafasi ya kukimbia na tangi langu halina, kwa hiyo nina Salarias mmoja, samaki mwenye uso wa mzee anayenung'unika, anayeacha alama za midomo kwenye kioo kutwa nzima.

Tena wala mwani hawa wanapenda majani machanga. Nywele zikishafika urefu wa kidole hakuna anayezigusa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni yako: zima pampu, shika mpira wa kunyonyea kwa mkono mmoja na mswaki kwa mwingine, sugua huku mpira ukinyonya hapohapo, ili vipande visitawanyike kwenda kuanzisha maisha kwingine. Ni kazi ya kuchosha mgongo na mkono unanuka bahari hadi kesho. Lakini kila gramu inayotoka imetoka na nitrojeni na fosforasi yake, bila kumnyima tumbawe chochote. Ukitaka kuirahisisha, otesha mwani wako mwenyewe mahali unapopataka: Chaetomorpha ndani ya tangi la chini, lile la kuchujia maji, ukiumulikia taa usiku na kuuvuna kila wiki. Caulerpa, mwani mwingine unaooteshwa hivyo, siiweki. Na unachovuna kitupe kwenye taka, kisifike mfereji wala baharini. Caulerpa taxifolia ilionekana mwaka 1984 baharini chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, lenye matangi yake ya maonyesho, kisha ikatambaa kwenye pwani za Mediterania. Ilipoonekana California mwaka 2000 walihangaika nayo hadi 2006 ndipo wakatangaza kuwa imeisha.

Dawa? Ipo ninayoikubali. Bryopsis iliyothibitishwa, kwa unyoya wake na si kwa kubahatisha, naipa flukonazoli, dawa ya fangasi ya binadamu, naondoa makaa, nazima mtambo wa povu unaotoa uchafu majini na kungoja wiki mbili tatu. Inafanya kazi na matumbawe mengi hayaoni hata tofauti. Ukiitia kwa dinoflajelati umepoteza hela na wiki tatu.

Kijani cha jiwe la kulia bado kipo. Nyuma ya pampu, ambako mswaki haufiki, kuna kishada cha urefu wa kidole kinachopepea, na Salarias hukipitia kila jioni kabla ya taa kuzimika. Nitrati jana ilikuwa 8. Binti yangu amekipa kishada hicho jina, na amenikataza kukigusa.